Mbili Juu ya Kumi

Tulimzika Sista Njambi Alhamisi, na Jumamosi sisi tuliowahi kufanya kazi chini yake tukakutana kwa binti yake Kilimani, kunywa chai na kumzungumzia. Ghorofa ya sita, lifti mbovu. Tulifika mmoja mmoja tukihema, wauguzi wastaafu wenye magoti yaliyokwisha kwa kusimama, na kila aliyeingia alitafuta kiti kwanza ndipo akasalimia. Kulikuwa na chai nzito, viazi karai na ndengu. Watu walisema yale yanayosemwa siku kama hizo: alikuwa mkali, alikuwa mama, alitutoa ujinga. Kisha Akinyi, ambaye nilianza kazi naye mwezi mmoja, akaweka kikombe chini akaniuliza, "Wafula, si unamkumbuka yule Mwalimu?" Hakumtaja jina. Mtu akaomba sukari upesi. Mimi nilimkumbuka. Nimechoka siku hizi, na uchovu wangu si ule unaoondolewa na usingizi, lakini mambo ya mwaka ule bado yako macho ndani yangu. Nayaandika kwa sababu aliyeyajua kuliko mimi sasa yuko chini ya udongo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni juzi tu. Nilipanga chumba cha nyuma, kile tunachoita SQ, katika ua wa mjane mmoja wa Kigujarati, si mbali na barabara ya Argwings Kodhek. Nyumba hiyo haipo tena. Pamesimama jengo la vioo ambamo kikombe cha kahawa kinauzwa kwa bei ya mlo. Chumba changu kilikuwa na kitanda, jiko la gesi la mtungi mdogo na dirisha lililotazama bomba la maji. Mjane mwenyewe, Mama Bhavna, aliniletea khichdi, wali wao uliopikwa pamoja na dengu, kila alipopika ya kutosha, akasimama mlangoni na bakuli la bati. "Wewe kula, daktari," aliniambia. "Mgonjwa ataogopa hii mifupa yako." Nilimweleza mara nyingi kwamba mimi ni muuguzi, si daktari. Haikusaidia. Nairobi mwanaume aliyevaa koti jeupe ni daktari, na mwanamke, hata awe bingwa wa kupasua mioyo, ni sista. Wodini pia waliniita hivyo hivyo, nikachoka kukanusha, nikaitika.

Wodi ya upasuaji ya wanaume ilikuwa chumba kirefu cha hospitali ya hapo Hurlingham, vitanda pande mbili, madirisha ya juu yasiyofunguka vizuri, na harufu ya dawa ya sakafu iliyochanganyika na ya uji. Sista Njambi ndiye aliyekuwa mkuu. Alikuwa mfupi, mnene, saa imebanwa kifuani, na sauti yake haikujua kunong'ona. Ni yeye aliyenifundisha kutafuta mshipa wa kuwekea kanula, ule mrija mdogo wa plastiki tunaopitishia dripu na dawa. "Acha kukodoa macho," aliniambia siku ya kwanza. "Hii ngozi yetu inaficha. Gusa." Nikafumba macho nikagusa, na kweli mshipa ukibonyezwa hurudi juu kidogo, kama tambi iliyoiva. Alinifundisha kuning'iniza mkono wa mgonjwa kando ya kitanda, kujaza glavu maji ya moto na kuilaza juu ya kiganja chake, kisha kungoja. "Usiufukuze," alisema. "Hata wewe ukifukuzwa utatoroka." Mishipa aliiamini. Watu hakuwaamini sana. Alikuwa ameona wanaume wakigalagala ili wachomwe sindano ambayo hawakuihitaji, na wengine wakinyamaza mpaka wakaisha, na nadhani kule kukisia kwa miaka mingi, nani anaumwa na nani anajifanya, kulikuwa kumemmaliza. Wakati ule nilimwona ana roho ngumu. Leo najua alikuwa amechoka, na najua uchovu unavyoweza kufanana na roho ngumu.

Ndiyo maana lilipokuja agizo kutoka ofisini, kwamba kila mgonjwa aulizwe apime maumivu yake kwa namba kuanzia sufuri hadi kumi, Sista alifurahi. Namba haigalagali. Namba unaiandika unaenda zako. Agizo lilikuja kwa Kiingereza, na kulitafsiri tuliachiwa wenyewe. Sista alilitafsiri palepale katika chumba cha chai, mdomo umejaa mandazi. "Mtawauliza hivi: maumivu ni ngapi juu ya kumi? Kwisha." Baada ya wiki mbili neno maumivu lenyewe lilikuwa limedondoka, maana wagonjwa ni wengi na asubuhi ni fupi, tukawa tunapita kitanda hadi kitanda tukiuliza tu, "Leo uko ngapi juu ya kumi?" Kila aliyewahi kukaa darasani alilielewa swali. Shida yetu ilianzia hapo, kwamba lilieleweka.

Mwalimu Ndung'u aliletwa kutoka upande wa Dagoretti, utumbo umejisokota. Daktari wa upasuaji alikata kipande kilichokufa akaunganisha ncha mbili zilizobaki. Alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote hadi kustaafu, na alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye hata soda aliiangalia kwa mashaka. Mkewe, Mama Shiru, alikuja kila mchana na chupa ya uji na gazeti lililokunjwa vizuri. Kitanda cha pili yake alilazwa Mzee Singh, fundi wa makabati, mzaliwa wa Ngara, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akavunjika nyonga na kutiwa vyuma. Wazee hawa wawili walipatana mara moja, kwa sababu wote walipenda kukosoa: mmoja alikosoa magazeti, mwingine alikosoa jinsi mlango wa wodi ulivyopachikwa.

Asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji Sista alimuuliza Mwalimu yuko ngapi juu ya kumi. Alifikiri kwa makini, midomo imekauka, ncha ya shuka imezungushwa kwenye ngumi. "Tatu," akasema. Sista akafurahi. "Huyu ni mwanaume," akaniambia, tukampa tembe mbili za maumivu tukaendelea na safari. Nilimstahi sana mzee yule. Siku iliyofuata alisema tano. Siku iliyofuata tena tulimkuta ameketi, miwani puani, gazeti mkononi, akatwambia kwa fahari kwamba yuko saba na nusu. Sista alikunja uso, maumivu yanapandaje hivyo, lakini namba ni namba, kwa hiyo nikamtia mofini, ile dawa kali ya maumivu, kupitia kwenye dripu. Alilala na gazeti juu ya kifua, akaamka anatapika. "Daktari," aliniambia nilipokuwa nampangusa, "hospitali yenu ina zawadi za ajabu. Nikifanya vibaya mnanipa tembe, nikifanya vizuri mnaniangusha kabisa." Nilicheka. Nilidhani ni dawa inayosema.

Na nilisikia mengi zaidi. Wagonjwa huongea mbele ya muuguzi kana kwamba ni pazia. Asubuhi moja nilikuwa natandika kitanda cha jirani, nikamsikia Mzee Singh akiuliza, "Mwalimu, leo umepata ngapi?" Mwalimu akajibu kwamba amepata nane. "Mimi nimepewa nne tu," akalalamika Singh. "Nne ni kufeli, bwana Singh. Utarudia darasa." Wakacheka wote wawili, huyu ameshika tumbo, yule ameshika nyonga, na mimi nikacheka nao. Mke wa mwanawe Singh alikuwa ameleta chapati na dengu katika vyombo vya bati vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, wakanilazimisha nikae nile kwa sababu Mwalimu alikuwa bado wa uji tu. Nilikula vizuri. Dengu ile ilikuwa na tangawizi nyingi, mpaka leo sijapata kula nyingine iliyonipendeza hivyo.

Sista alipoona nane imeandikwa, na mwenye nane ameketi anakunywa uji na kucheka, uvumilivu ulimwisha. Alitoka akasimama kwenye korido, mlango wazi, saa za kutazama wagonjwa. "Huyu mzee ameonja," aliniambia kwa ile sauti yake. "Amependa sindano. Anakaa hapo anasoma gazeti, anatuambia nane. Hiyo ni addiction, Wafula, nimeiona mara nyingi. Mofini asipewe tena. Akisema tisa, mwambie aombe." Nyuma yake alikuwa amesimama Mama Shiru na chupa yake ya uji. Ndani, vijiko vilikuwa vimesimama; wodi yote ilisikia. Mama Shiru alitupita bila salamu, akaketi kando ya mumewe, na chupa hakuifungua. Waliongea Kikuyu, ambacho sikukijua, lakini sindano ni sindano kwa lugha zote za Kenya, na nililisikia neno hilo mara kadhaa, na la kanisa pia. Nilikuwa hapo hapo nikitazama mkono wa Mwalimu uliovimba, maana mshipa ulikuwa umepasuka na maji ya dripu yalikuwa yakiingia nyamani. Nilipotoa kanula Sista akasema nisiweke nyingine, mgonjwa anakunywa vizuri. Mkewe alipoondoka, Mwalimu alivua miwani, akaitia kwenye kasha lake. "Daktari," akasema, "ile dawa msinipe tena. Hata nikiwaomba, msinipe." Aliona aibu kunitazama, na mimi niliona aibu kutazamwa.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu binti wa Sista alipokuwa akitujazia vikombe nilikuwa nawaza goti langu, lililofanyiwa upasuaji mwaka jana katika hospitali kubwa yenye zulia kwenye korido. Siku hizi wana mashine ya kuuona mshipa kabla ya kuuchoma, na kitufe ambacho mgonjwa anajibonyezea mwenyewe akitaka dawa, na ukutani wamechora sura, moja inacheka, nyingine inalia. Vitu vizuri, ningekuwa navyo ningelala vyema maisha yangu yote. Kijana mmoja mpole alikuja na tableti akaniuliza, "Mzee, pain score?" macho yake yakiwa kwenye kioo. Nikasema sita. Nikamngojea aniulize hiyo sita ni ya namna gani, inachoma au inavuta, inaniruhusu kulala au hainiruhusu. Akagusa kioo, akasema asante, akaenda. Sikumchukia. Alikuwa na vitanda vingi, na nilimjua kwa mabega yake yalivyolegea. Niligeukia ukuta nikamfikiria Mwalimu Ndung'u.

Kwa siku mbili hakuomba dawa. Asubuhi ya siku ya pili alisema nne. Mchana, baada ya vyombo vya chakula kuondolewa, Akinyi alimuuliza akasema mbili, na Sista aliposikia alipiga kofi la ushindi. "Mmeona? Tumemnyima, na sasa ni mbili." Mimi nilikwenda kumtazama kwa sababu nilitaka kumpongeza. Alikuwa amejikunja, jasho limeloweka mto, anapumua kwa vipande vidogo. Nilimgusa tumbo, lilikuwa gumu kama meza. Nikainama. "Mwalimu, umesema mbili. Mbili ni kidogo."

"Ni kidogo sana," akasema.

"Sasa mbona unaonekana hivi?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto mzito wa kuelewa, na hata pale, katika hali ile, alijitahidi kunieleza polepole. "Daktari. Mtoto akipata mbili juu ya kumi, mimi naita mzazi wake."

Kutoka kitanda cha pili Mzee Singh akadakia, "Juzi alikuwa nane, alikuwa anapita vizuri! Sasa amefeli kabisa. Itia huyo Sista, haraka."

Nikazirudia namba zote kichwani. Tatu, tano, saba na nusu, nane. Mtu yule alikuwa akitupa maksi. Kumi kwake ilikuwa uzima. Nilikimbia hadi chumba cha chai, Sista ameshika birika. "Anahesabu kinyume," nikamwambia. "Kinyume namna gani?" "Anapata maksi, Sista! Kumi ndiyo mzima!" Alisimama na birika lile mkononi, nikaona machoni pake anarudi nyuma siku moja moja, ile ya tembe mbili, ile ya mofini, ile ya korido. Halafu akaliweka chini akakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia.

Presha ilikuwa imeanguka, na mgonjwa hakuwa na mlango hata mmoja wa kupitishia dawa, kwa sababu mimi mwenyewe niliufunga wa mwisho kwa amri. Nilijaribu mkono wa kushoto, nikajaribu wa kulia. Ngozi ilikuwa baridi, na chini ya kidole hapakuwa na kitu cha kurudi juu. Nilileta glavu ya maji ya moto, lakini hatukuwa na muda wa kungoja. Akinyi alikuwa kwenye simu, akimtafuta daktari aliyekuwa ndani ya chumba cha upasuaji. Sista akapiga magoti kando ya kitanda, akajaribu miguu yote miwili, akakosa. Akaniambia nishushe kichwa cha kitanda na nimgeuze Mwalimu uso kuelekea ukutani, akaanza kutafuta shingoni kwa vidole viwili, macho yamefumbwa. "Njoo," alikuwa akiuambia mshipa, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo. "Njoo, tafadhali. Njoo." Akaingia. Damu ikarudi kwenye kanula, nami nikaunganisha dripu, na maji yalipokwisha kumtia nguvu kidogo tukampa mofini, taratibu, kidogo kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumpa wakati anaihitaji. Nilitazama ngumi yake ikiliachia shuka.

"Sista, asante," akasema baada ya muda. "Sasa ni nne."

Sista aliinama karibu naye. "Nne yangu au nne yako, Mwalimu?"

"Ya shule," akasema, na alikuwa karibu kutabasamu.

Walimrudisha kwenye chumba cha upasuaji saa ile ile. Pale utumbo ulipounganishwa palikuwa pameachia, na uchafu ulikuwa umesambaa tumboni kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Alitoka akiwa hai, akalala siku nzima na mrija mdomoni, na kesho yake asubuhi akafa. Daktari wa upasuaji alisema yangeweza kutokea hata tungemwahi. Labda. Nimelibeba neno hilo, labda, kwa miaka mingi, na halijawahi kuwa jepesi wala zito zaidi.

Mama Shiru alikuja mchana kuchukua vitu vyake: miwani, viatu, redio ndogo. Tulimkaribisha ofisini, chumba kisicho na dirisha, tukampa kiti na chai ambayo hakuigusa. Akauliza swali ambalo wote huuliza. "Aliumia?" Jibu nilikuwa nalo tayari, lile tunalorithishana: hapana mama, alilala tu. Nilikwisha fungua mdomo.

"Aliumia," akasema Sista Njambi. "Aliumia sana, mama. Alituambia, na tukaandika, na hatukuelewa." Kisha akamweleza yote, swali lilivyoulizwa, namba zilivyosomwa juu chini, bila kujificha nyuma ya ofisi wala nyuma yangu. Nilitazama sakafu. Nilitegemea kelele, na nadhani Sista naye alizitegemea, labda alizitamani.

Mama Shiru aliuvuta mkoba wa vitu vya mumewe mapajani. "Kwa hivyo hakuwa anapenda sindano," akasema mwishowe.

"Hakuwa. Tulimchoma siku ambazo alikuwa mzima, na alipoumwa tukamnyima."

"Nilimwambia aombe Mungu amwondolee hiyo kitu. Mzee wa kanisa. Aliniambia hajui ni kitu gani, na mimi sikumwamini, kwa sababu niliamini sista." Aliinuka. Hakuwa analia. "Hayo maneno ulisema ukiwa kwa korido, na wanaume wote wakasikia. Wengine wanatoka upande wa kwetu, watayabeba mpaka nyumbani. Sasa nataka haya pia uyasemee hapo hapo."

Ilikuwa saa ya chai. Sista alivuka mlango akasimama katikati ya wodi, kati ya safu mbili za vitanda, Mama Shiru mlangoni na mkoba mkononi, mimi nyuma yake. "Sikilizeni," akasema, na sauti yake ile ilifika hadi kitanda cha mwisho. "Juzi nilisema Mwalimu Ndung'u amependa sindano. Nilisema uwongo, hata kama sikujua ni uwongo. Alipotuambia nane alikuwa anamaanisha yuko vizuri. Alipotuambia mbili alikuwa anakufa. Aliongea sawa, na sisi ndio hatukumsikia. Mama yuko hapa. Nataka mjue hivyo, na mkitoka hapa mseme hivyo."

Wanaume waliweka vikombe chini, na kijana mmoja aliyekatwa mguu akavua kofia. Mama Shiru aliitikia kwa kichwa mara moja, akageuka aende. Ndipo Mzee Singh, kitandani pake kando ya kile kilichokuwa wazi, akainua mkono kama mtu asiyetaka kumsumbua yeyote.

"Sista," akasema, "na mimi leo asubuhi nilimwambia yule sista mdogo tatu."